Mdomo wa Sindano, wa Mwiba na wa Kiberiti

Kiti mlichonipa siku ya kuniaga kina machozi. Sisemi machozi ya watu. Hayo nayo yalikuwepo kidogo, hasa kwa wale ambao sasa watabeba ngazi wenyewe. Nasema machozi ya rangi, ile mistari ya kijani iliyoteremka kwenye miguu ya nyuma ikakauka kabla ya kufika chini. Tangu siku hiyo nakaa juu yake nikiipapasa kwa kidole. Najua mlitumia bomba la kupulizia, najua mlilifunga mdomo wa tundu kubwa kwa rangi ya mafuta, na najua aliyeshika bomba alisimama kidogo akicheka na mwenzake. Kiti ni kizuri. Nashukuru.

Siku hiyo hiyo mliniuliza jambo, kwa kuwa Bwana mpya anataka kuwanunulia bomba jingine la bei nafuu: tuchague lipi, na mdomo wa namba gani? Nikasema nitawaandikia. Nilidhani ni jambo la nusu ukurasa. Sasa nimeshika kalamu naona kwamba nimepulizia kuta za Kasongo, za Nyangwe na za Kabambare, na kilichotokea mara ya kwanza nilipochagua mdomo nimekijua juzi tu, tena sijui kama nimekijua vizuri. Kwa hiyo mnivumilie. Nitaanza mbali.

Niliingia kazi ya rangi kwa sababu ya urefu. Nilikuwa nimeoa karibuni, nikitafuta kazi yoyote ya Leta, yaani ya serikali, ili nisirudishwe kijijini kulima pamba. Karani wa kuandika wafanyakazi hakuniuliza nimesoma nini kwa mapadri. Aliangalia juu ya mlango, akaniangalia mimi, akasema nitapunguza kazi ya ngazi. Ndivyo nilivyokabidhiwa kwa Mzee Amisi.

Wengi wenu hamkumwona. Alikuwa mtu wa Nyangwe, Mwislamu, mwembamba, mwenye kofia ya kushonwa ambayo haikupata hata tone moja la rangi katika miaka yote niliyomjua. Mimi nilipata rangi hadi masikioni. Baba yake alikuwa akipaka kuta za misikiti na baraza za wafanyabiashara, na yeye alijifunza kazi kabla ya kujifunza kuvaa viatu. Hakupenda kueleza. Ukimwuliza kwa nini brashi inalala majini, alikujibu, "Lala we majini, utajua." Siku ya kwanza hakuniruhusu kugusa ukuta. Wala siku ya pili. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza chokaa.

Kutengeneza chokaa kwetu kulikuwa hivi. Chokaa ilikuja katika mapipa, kwa kamio, yaani lori, kutoka Kindu. Tuliizimisha kwa maji ndani ya shimo, tukaiacha ilale, tukaichuja kwa kitambaa cha amerikani. Kisha nilipika mchele mpaka ukawa uji, nikauponda, nikaumimina ndani ya ndoo ukiwa bado moto, nikakoroga ili chokaa ishike ukuta. Mchele huo ulitoka kwenye posho yetu wenyewe. Tulikuwa tukisema kwamba ukuta unakula kwanza, kisha sisi. Hakuna aliyesema "tia mchele". Ilisemwa "tengeneza chokaa", basi, na mchele ulikuwamo bila kutajwa, kama chumvi ilivyo kwenye mboga. Mabwana hawakujua na hawakuuliza.

Ukuta ukikauka, Mzee Amisi alipitisha kiganja juu yake, polepole, kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa. Kiganja kikirudi safi, kazi imekwisha. Kikirudi cheupe, kazi haijaanza. Alisema kwao Nyangwe mwanamke aliyevaa kaniki nyeusi akiegemea baraza akaondoka na mgongo mweupe, fundi anahama mtaa. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Tulikuwa watatu: Mzee Amisi, mimi, na Lubunga, Mubangubangu wa upande wa Kabambare, mtu mwenye mikono minene na maneno mengi. Tulifanya kazi hivyo kwa miaka. Nayaruka hayo, kwa sababu kuta zote zinafanana, mabwana nao walifanana, mpaka alipokuja yule tuliyemwita Bwana Tosha.

Tulimwita hivyo kwa sababu neno lake la kwanza la Kiswahili lilikuwa "tosha", na alilitumia kwa kila kitu: kwa chakula, kwa maelezo, kwa mvua. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu. Siku moja alitukusanya mbele ya stoo akasema kwamba Kabambare kuna nyumba mpya ya kuzalia, vyumba vingi, na lazima ipakwe kabla ya mvua. Tutanunua bomba la kupulizia. Kwa bomba watu wawili wanatosha, mmoja wa kupiga pampu na mmoja wa kupulizia. Akatuangalia sisi watatu. Hakumtaja mtu. Hakuhitaji.

Hapo mwelewe kilichokuwa kinatungoja. Mzee Amisi na mkewe, Mama Zaina, walikaa kwenye nyumba ya kampi ya wafanyakazi hapa Kasongo. Mama Zaina alikuwa na kidonda cha mguu cha siku nyingi, kilichofungwa kitambaa kipya pale dispanseri mara kwa mara. Kilikuwa kimeanza kupona. Mtu akitolewa kazini anatolewa kampini. Angerudi Nyangwe, na Nyangwe hakukuwa na mtu wa kufunga kile kidonda. Kilikuwa kimewahi kuoza mara moja. Sote tulikumbuka ile harufu.

Kisha Bwana Tosha akanigeukia mimi. "Kalonda, wewe unasoma. Nenda kwa magazini ya Mugiriki, chagua. Muzuri. Bei kidogo. Ikiharibika, ni wewe."

Nataka mwone jinsi nilivyochanganyikiwa. Nikichagua bomba zuri, namfukuza aliyenifundisha kazi. Nikichagua baya, nafukuzwa mimi. Na juu ya hayo yote sikujua zuri ni lipi. Nilizunguka kampi nikiwaza, mwisho nikaenda kumwuliza mtu pekee niliyezoea kumwuliza.

"Muzee," nilimwambia, "Bwana ametuma mimi nichague ile mashini. Mimi sijue."

Alikuwa anamwosha mkewe mguu. Hakuinua kichwa. "Basi twende wote," alisema. "Kitu cha kupaka rangi, utachagua peke yako juu ya nini?"

Mama Zaina alituangalia mmoja mmoja, akasema, "Ninyi wawili ni wajinga," akavuta kanga juu ya mguu.

Mgiriki alikuwa na mabomba matatu. La kwanza lilikuwa pistole, bomba la umbo la bastola, inayong'aa, yenye kikombe chini yake, inayotaka mashine ya upepo inayokunywa petroli. Lilikuwa zuri kabisa, na bei yake ilitufanya tuliweke chini haraka. La pili lilikuwa la namna hiyo hiyo, lakini limetumika kupaka makamio, limefungwa waya shingoni, na mdomo wake umepotea. La tatu lilikuwa la mkono: ndoo, pampu yenye mpini mrefu, mpira, na fimbo ya chuma ambayo mbele yake unafunga kidude cha shaba chenye tundu. Wabelgiji wanakiita buse. Sisi tulikiita mdomo. Hilo lilikuwa la bei nafuu, na halikutaka petroli ila jasho la Lubunga.

Lilikuja na midomo mitatu ndani ya kisanduku, na hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuuma. Mmoja uliandikwa 2, mwingine 3, mwingine 12. Karatasi ya kisanduku ilisema kwa Kifaransa kwamba namba ikiwa kubwa tundu ni kubwa. Lakini ule wa 3 ulikuwa mdogo kuliko ule wa 2, niliona kwa macho yangu, na ule wa 12 ulikuwa katikati yao. Nikamwuliza Mgiriki.

"Hii ya mashini hii," alisema akionyesha 12. "Hizi mbili za mashini ingine. Iko sawa tu, zinaingia."

"Namba zao zinahesabu nini?"

"Zinahesabu," alisema, akainua mabega.

Mzee Amisi alichukua mdomo mmoja mmoja akauangalia kwenye mwanga wa mlango. Kisha akachomoa sindano iliyokuwa upande wa ndani wa kofia yake. Kwa mdogo, sindano iliingia na hakuna kingine. Akatoka nje, akakata mwiba wa mdimu. Kwa wa katikati mwiba uliingia mpaka kiunoni. Kwa mkubwa kilipita kijiti cha kiberiti. Akavipanga mezani: wa sindano, wa mwiba, wa kiberiti. Tangu siku hiyo sikuuliza namba tena, nanyi msiulize. Kila kiwanda kinahesabu kwa akili yake.

"Chokaa inataka gani?" alimwuliza Mgiriki.

"Chokaa, huyu," alisema, akigusa wa mwiba. "Lakini nyepesi! Nyepesi sawa maziwa. Mashini inataka maji mepesi. Ikiwa nzito, inakufa."

Mzee aliitikia kwa kichwa, nami nikaitikia. Tulisikia sote wawili. Kumbukeni kwamba tulisikia sote wawili.

Tuliondoka kwa kamio, Bwana Tosha mbele, sisi nyuma juu ya mapipa na bomba letu jipya. Njiani, mahali paitwapo Wamaza, gari lilisimama kuongezewa maji. Mzee Amisi aliteremka, akazungumza na mama mmoja aliyekuwa na vikapu, akarudi na kikapu cha mchele alichonunua kwa fedha yake. Akaniwekea magotini bila neno. Nikakishika mpaka Kabambare.

Siku ya kwanza ya kazi nilitengeneza chokaa. Lubunga alipiga pampu, mimi nikashika fimbo, Bwana Tosha akasimama nyuma yetu na mikono kiunoni. Nikafungua. Jamani! Ukungu mweupe ulitoka ukakaa ukutani laini kabisa, mpana kama mkeka. Chumba ambacho kingekula asubuhi nzima kilianza kwisha mbele ya macho yetu. Lubunga alipiga kelele za furaha. Nilimwangalia Mzee Amisi, aliyepewa chumba cha mwisho apake kwa brashi wakati anangojea kuambiwa aende, nikaona aibu kwa furaha yangu.

Kisha bomba likakohoa. Likatema, likatoa uzi mwembamba, likafa.

"Mudomo," alisema Bwana Tosha. "Badilisha mudomo."

Nikatia wa sindano. Ulitoa moshi kidogo, ukafa. Nikatia wa kiberiti. Ulimwaga chokaa ukutani, ikateremka machozi hadi sakafuni, kisha ukafa nao. Tukaosha, tukazibua, tukajaza ndoo nyingine iliyotoka jikoni, na bomba likafufuka kama hakuna kilichotokea. Tukashangilia. Ndoo ilipofika nusu, likafa tena.

Siku zilizofuata kila mmoja wetu alikuwa na maelezo yake. Bwana Tosha alisema ni namba, akasoma ile karatasi mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Lubunga alisema mashine inachoka, kwa sababu inaanza vizuri na nguvu zinaisha, "sawa mutu yeyote". Hilo liliingia akilini kwetu sote, hata kwa Bwana. Tukaipumzisha kivulini. Tukaifunika kitambaa chenye maji, kama mgonjwa wa homa, ipoe. Ilizidi kuwa mbaya. Kadiri tulivyoipoza ndivyo ilivyokataa. Mama Feza, mkunga wa nyumba ile, alipita na beseni lake, akatukuta wanaume watatu tumeizunguka ndoo iliyofunikwa kitambaa.

"Amejifungua?" aliuliza.

Bwana Tosha hakuelewa kwa nini Lubunga alianguka chini akicheka.

Lakini mimi sikuwa nacheka tena. Bwana alikuwa ameanza kunitazama kwa namna nyingine. "Wewe ulichagua," alisema. "Kama mashini ni mubaya, tosha, wewe na mashini munatoka." Mke wangu alikuwa na mimba ya pili. Nilikuwa silali vizuri.

Asubuhi moja nilikuwa nazibua mdomo kwa mwiba wa mdimu. Jifunzeni hilo nanyi, msitumie waya kamwe, waya unapanua tundu la shaba upande mmoja na rangi inaanza kutoka mshazari. Mwiba ukatoka na kitu kinachonata, cheupe, kinachotetemeka kidogo. Nilikisugua kati ya vidole. Nikakinusa. Nilikuwa nimekinusa maisha yangu yote ya kazi. Ni uji wa mchele uliopoa. Ukiwa moto unapita, ukipoa unaganda. Na sisi tulikuwa tunauwekea kitambaa cha maji.

Ndipo kikapu cha Wamaza kikanirudia kichwani. Mzee alimsikia Mgiriki kwa masikio yake: maji mepesi, nyepesi sawa maziwa. Kisha njiani akanunua mchele kwa fedha yake, akaniwekea magotini bila neno, akijua kwamba mimi ni mpishi wa chokaa na mkono wangu utafanya ulichozoea. Alitaka bomba life. Alitaka abaki karibu na dispanseri. Na mimi je? Nilikasirika. Nilienda chumba cha mwisho.

"Muzee," nilisema. "Ni muchele."

Aliangalia kile kitu kidoleni pangu. Kisha akaniangalia mimi, muda mrefu, kwa macho ambayo sikuyaelewa.

"Naona," alisema.

"Bwana akijua?"

"Nani atamwambia? Mimi simwambie. Wee utamwambia?"

"Hapana."

"Basi."

Akaweka brashi chini, akanishika bega. Hakuwa amewahi kunishika bega kabla ya siku hiyo. Nikatoka pale nimechanganyikiwa zaidi kuliko nilivyoingia, kwa sababu mtu aliyekutia shimoni hakushiki bega namna ile.

Nilifanya nilichoweza. Tangu siku hiyo nilitengeneza ndoo mbili: ya bomba chokaa tupu, iliyochujwa mara mbili, na ya brashi ya Mzee chokaa yenye mchele. Nilitia mdomo wa mwiba. Bomba lilifanya kazi asubuhi, mchana, jioni, bila kukohoa. Umbali wa mkono kutoka ukutani, anza kutembea kabla ya kufungua, usisimame. Hayo niliyajifunza pale na sijayabadilisha. Mzee Amisi aliziona ndoo mbili. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayemwona mwenzake amefika mwisho wa nguvu zake, akaendelea kupaka.

Bwana Tosha alifurahi mno. Alinipa sigara. Kisha akaenda chumba cha mwisho, nikamsikia akisema, "Muzee, tosha. Kamio ya Jumamosi." Mzee Amisi alimaliza ule ukuta mpaka kona, akaosha brashi, akaifunga kwa jani la mgomba. Niliingia, nikambebea ndoo. Niliona mguu wa Mama Zaina mbele yangu, nikaona na tumbo la mke wangu, na sikujua ni yupi niliyemsaliti.

Kabla ya Jumamosi hiyo walikuja akina mama wa kwanza, mmoja tayari ana uchungu. Mama Feza aliwapokea, akawapanga vyumbani, wengine wakakaa sakafuni wameegemea ukuta kama wanavyokaa wanawake wanaongoja. Kesho yake tukasikia sauti yake uani.

"Bwana! Njo hapa! Njo uone!"

Alikuwa amemshika mama mmoja mabegani, amemgeuza. Kaniki nyeusi ilikuwa imebeba ukuta mzima. Mwingine alikuwa na chokaa nyweleni, na mtoto aliyezaliwa asubuhi alikuwa na unga mweupe shavuni, karibu na jicho.

"Mutoto akiingia chokaa mu macho, mimi nitamujibu nini baba yake?" alisema Mama Feza. "Mu kile chumba cha mwisho, wanawake wanatoka safi. Mu hivi vingine, wanatoka sawa wafu. Mimi siweki mutu mwingine humu."

Bwana Tosha alipita chumba hadi chumba akipitisha kiganja ukutani. Cheupe, cheupe, cheupe. Chumba cha mwisho, safi. Alisimama akiangalia mkono wake. "Pipa moja," alisema. "Chokaa moja." Akaniangalia. Nikaangalia dari. Akamwangalia Mzee Amisi, naye akaiangalia brashi yake ndani ya jani la mgomba.

Mwisho Bwana alijieleza mwenyewe. Alisema brashi inaisukuma chokaa ndani ya ukuta, lakini bomba linaiweka juu tu. Lubunga akasema naam, ni hivyo kabisa. Mama Feza hakujali ni vipi. Alitaka sehemu ya chini, mpaka juu ya kichwa cha mwanamke aliyesimama, ipakwe na yule mzee kwa brashi, na sehemu ya juu wafanye wanavyotaka. Ndipo ikawa sheria yetu ambayo mpaka leo mnaifuata bila kujua ilikotoka: juu bomba, chini brashi. Kwa hiyo tukahitajika watatu. Jumamosi kamio liliondoka Mzee Amisi hayumo.

Alibaki kazini mpaka alipofariki, miaka kadhaa baadaye, kwenye nyumba ile ile ya kampi. Kidonda cha Mama Zaina kilipona zamani. Mimi na Mzee hatukuwahi kuzungumza tena habari ya mchele. Nilimsamehe kidogo kidogo, kisha nikasahau kwamba kulikuwa na kitu cha kusamehe, kisha nikaanza kumpenda kwa sababu hiyo hiyo: mtu aliyemtetea mkewe kwa kikapu cha mchele. Nilijiona mwema kwa kunyamaza. Nilimfichia siri yake mpaka kaburini.

Sasa nafika juzi. Mlipomaliza hotuba na kunipa kiti, mlimwona mwanamke mzee akija na fimbo, mkampisha. Huyo ni Mama Zaina. Anakaa kwa bintiye, karibu na soko. Alikuwa na kifurushi cha kanga. Alikaa kwenye kiti changu kipya kabla yangu, akanifungulia. Ndani kulikuwa na mchele.

"Huu ni wako," alisema. "Marehemu aliniachia neno. Alisema, siku Kalonda anaacha kazi, umurudishie muchele wake."

"Muchele gani, Mama?"

"Ule wa Kabambare." Alinicheka kama mtoto anayejifanya hajui. "Alinunua Wamaza ninyi watatu mukule, posho ya kule ilikuwa haiaminike. Wee ukauchukua wote, ukautia mu chokaa. Mugiriki alikuwa ameshasema mashini inataka maji mepesi, na wee ulisikia. Marehemu aliniambia: Kalonda ametoa chakula chake na kazi yake, na bibi yake iko na mimba, juu nisitoke mu kampi. Alisema, siku ile nilimushika bega, sikupata neno la kumwambia." Akaugusa mguu wake. "Mimi natembea sababu yako."

Nilifungua kinywa. Nilitaka kumwambia kwamba sikuwaza kitu, kwamba mkono wangu ulikoroga kwa mazoea tu, na kwamba miaka yote hiyo nilidhani ni marehemu aliyetaka bomba life. Nilimwona Mzee Amisi amesimama na brashi, akiniangalia kwa yale macho. Yalikuwa macho ya shukrani, nami nilikuwa nimemjia na hasira. Kila mmoja wetu alikuwa akimfichia mwenzake siri ambayo hakuna aliyekuwa nayo.

Nilifunga kinywa. Nikapokea mchele kwa mikono miwili. Mke wangu aliupika mchana ule, na sikuweza kuumaliza.

Basi, kuhusu swali lenu. Msichukue la petroli, litawafilisi. Chukueni la mkono, na mjaribu midomo kabla ya kutoa fedha. Kwa rangi ya mafuta chukueni wa sindano, kiti changu kiwe funzo. Kwa chokaa wa mwiba. Wa kiberiti mwachieni Mgiriki. Ndoo ya bomba msitie mchele, ndoo ya brashi mtie, na ukuta ukikauka mpitishe kiganja.

Na jambo moja la mwisho. Mama Zaina hajui kusoma, nanyi mnajua, tena anapenda kuja pale stoo kuwasalimia. Karatasi hii, tafadhali, msimsomee.